Mashine Imekataa Vidole vya Mjomba

4 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu nyingi, tipa zima la salamu, tena lililojaa mpaka linamwagika njiani. Mimi mzima, nadunda.

Naandika barua kwa sababu simu imenishinda tabia. Nikizungumza na mtu aliye mbali lazima nipaze sauti, na nikipaza sauti mtaa mzima unajua mambo yetu. Kwa hiyo nitaandika, na Bi Cherehani wa mlango wa pili ataipiga picha barua hii kwa simu yake akurushie. Ameapa hatasoma. (Bi Cherehani, najua unasoma. Endelea.)

Basi leo nimekwenda kwenye ile ofisi ya vibali vya kusafiri kuja kwako, uliyonihimiza niwahi. Mpwa wangu, kuta zangu unazijua. Kuna ukuta niliusimamisha ukanyooka hadi sisimizi aliyepita juu yake akapotea njia kwa kukosa kona. Mkaguzi alipokuja na timazi yake kuupima, timazi ndiyo iliyojirekebisha. Lakini jengo lile! Mbele kote ni kioo, kutoka chini mpaka shingo iume. Nilitafuta kiungio, sikukiona. Nikapapasa kwa kiganja, askari akaniambia, "Mzee, usiguse." Nikamwambia, "Mimi si mzee, mimi ni fundi, naangalia kazi ya wenzangu." Akarudi kwenye kiti chake. Nadhani alinitambua.

Ndani kuna ukimya kama wa tangi lililofunikwa. Watu wamekaa na bahasha vifuani kama wananyonyesha. Nilibanwa na kikohozi, nikakimeza.

Binti wa dirishani, rika lako tu, akaniambia niweke vidole kwenye kioo kidogo chenye taa ya kijani. Nikaweka. Mashine ikalia: twii. Akasema nifute. Nikafuta. Twii. Akanipa kitambaa chenye dawa. Twii. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akanishika kidole kimoja kimoja, akavitazama kwa lenzi, halafu akaniinulia uso kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na mtu wa serikali. "Baba," akasema, "wewe huna alama za vidole."

Unasikia? Mashine ya dola imenyoosha mikono! Wezi wanaitafuta hali hii kwa udi na uvumba, mimi nimeipata kwa saruji na chokaa tu. Vidole vyangu ni tairi kipara. Nimerudi nikawaambia watu, na mpaka jioni walikuwa wanapanga mstari kuja kuvishika.

Wamenipa tarehe nyingine, kumi na saba mwezi wa nne, vidole na mahojiano kwa pamoja. Mahojiano usiyahofu. Niweke mbele ya mtu yeyote, nianze kuzungumza, kazi imekwisha.

Mjomba wako,
Simba wa Zege


9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikasoma tena, nikaacha kucheka.

Mjomba, zile hazikuwa sifa. Bila alama za vidole, faili lako halifunguliwi. Nimewauliza wenzangu hapa kazini. Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tuko watu wa kila pembe ya dunia, na kila mmoja amepita kwenye dirisha kama lile. Kuna mama mmoja aliyekuwa akisugua sakafu kwa dawa kali huko kwao, naye mashine ilimkataa hivyo hivyo. Anasema mistari haifi. Iko chini, inasubiri ngozi ipone. Kwa hiyo kuanzia leo hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna jiwe wala msasa. Mafuta asubuhi na jioni. Vyombo aoshe mwingine. Ukikataliwa mara ya pili utarudishwa mwisho wa foleni, na foleni hiyo ni ya miaka.

La pili ni mahojiano yenyewe. Nakujua, Mjomba. Ukiulizwa jina utaanzia kwa babu. Wale hawataki hadithi. Wanasikiliza kama jibu la mdomoni linafanana na la kwenye karatasi, basi. Jibu fupi, halafu nukta. Tujizoeze humu humu kwenye barua. Nijibu haya matatu: Unafanya kazi gani? Anayekualika ni nani kwako? Unakwenda kufanya nini?

Mtoto anatarajiwa mwisho wa Mei. Baba yake yuko barabarani na lori. Anakuja siku mbili, anaondoka. Sote wazima. Kitanda chako nimekiweka dirishani, upande wa jua.

Mpwa wako


20 Februari

Marahaba, mwanangu.

Haya, niulize.

Unafanya kazi gani? Mwashi. Nukta. Ila si mwashi wa kuokotwa, maana wapo wanaojiita waashi na ukuta wao ukipiga chafya unaomba radhi kwa kuanguka. Mimi kuna tangi nililijenga halivuji hata umbea. Watu waliokuwa na siri zao walikuwa wanakwenda kuzisemea humo ndani, wanafunika, wanarudi nyumbani wepesi.

Anayekualika ni nani kwako? Mpwa. Nukta. Mtoto wa marehemu dada yangu, Mungu amlaze pema, aliyeniachia mtoto huyo angali anang'oa meno ya utoto. Nikamlea kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na mwiko. Nywele nilimsuka mwenyewe, na wakibisha nitawaambia kuwa mistari ya kichwa chake ilinyooka hadi mwalimu wa hesabu akawa anamsimamisha mbele ya darasa.

Unakwenda kufanya nini? Hapa nimekwama kidogo. Niliandika ukurasa mzima, nikauchana. Nitaupata tu. Jibu ni kama jiwe la kona, halikosi mahali pake.

Kuhusu mikono, usiwe na shaka. Nakaa kama sultani. Sijagusa jiwe. Tangi la maji la zahanati ya hapa mtaani, nililokuwa nalijenga, sasa analiendeleza Taratibu, si unamkumbuka? Yule mwenzangu wa kazi anayeweza kuanza kupiga lipu akiwa kijana akamaliza akiwa na wajukuu. Mimi napita tu kutoa macho, maana paa la tangi lile ni kuba, duara lisilo na nguzo hata moja katikati, na kuba si la kuachiwa mtu akiwa peke yake. Likikosewa kidogo juu, chini hakubaki mtu wa kusimulia.

Vidole bado kipara. Nadhani vinachelewa kwa sababu ni vya kiume.

Mjomba wako,
Sultani wa Mapumziko


3 Machi

Mwanangu,

Hujambo, na hali yako hiyo? Ni mimi, Bi Cherehani. Barua za watu sisomi, ila macho yangu hayana kifuniko.

Mjomba wako amekuandikia kuwa anakaa kama sultani. Sultani huyo anatoka nyumbani alfajiri, mwiko kauzungushia gazeti kama anabeba samaki. Kuba la zahanati analijenga yeye. Alikuja kwangu nimshonee glovu. Nikamshonea za turubai, akasema hazisikii kitu. Nikamshonea za kitambaa cha mwavuli, zikapasuka kabla ya mchana. Sasa anavaa mifuko ya nailoni, kaifunga kwa mpira kwenye vifundo vya mikono, na mtaa mzima unamwita Daktari.

Jana nilimpelekea chai, nikaona kwa macho yangu. Alivua mfuko wa kulia, akachovya kwenye mchanganyiko, akausugua kati ya gumba na kidole cha shahada, kafumba macho kama anayeonja asali.

Nikamwambia, "Wewe baba! Na vidole?"

"Saruji haisomeki kwa mfuko," akanijibu.

"Na mpwa wako je?"

"Mpwa wangu ana mume, ana nyumba, ana kazi ya hospitali. Huku watu wanakunywa maji ya mtaro. Kibali wakikataa mwaka huu, watakubali mwingine."

Mwanangu, hakusema kwa ubaya. Nadhani hajui. Mimi pia sijui, ila kwenye picha ya barua yako ile, mahali ulipoandika "sote wazima," kalamu imekandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka. Nimeshona nguo za waja wazito maisha yangu yote. Mtu akiniambia yuko sawa huku ameegemea meza, namletea kiti. Kama kuna jambo, mwambie waziwazi. Usimfumbie, mafumbo hayamwingii, amejaa yake.

Jirani yako,
Bi Cherehani

Barua hii hajaiona. Simu ni yangu.


5 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimesikia habari za kuba. Usimtafute aliyesema.

Nilikuandikia kuwa sote wazima. Haikuwa kweli. Siku ile daktari alikuwa ameshaniambia nipunguze kazi, na wiki iliyopita ameniambia niache kabisa. Mlango wa uzazi umelegea kabla ya wakati. Natakiwa kulala mpaka mtoto atimie. Naruhusiwa kuinuka kwenda chooni, basi.

Mume wangu akiwa barabarani, mwenzangu mmoja wa kazini hupita asubuhi kabla ya zamu yake. Ananiachia maji na mkate karibu na mto, anafunga mlango, anaondoka. Baada ya hapo tunabaki mimi na dari. Kuna ufa unaotoka kwenye taa kuelekea dirishani. Nimeujua ule ufa kuliko ninavyoijua njia ya kwenda dukani.

Sikukualika uje kutembea. Sikukuficha kwa dharau, niliona aibu. Mtu anasafiri mbali hivi, anapata kazi, anapata karatasi, halafu anamwandikia mjomba wake kuwa anaogopa kulala peke yake mchana. Sihitaji mtu anayejua kujenga. Nahitaji mtu wa kuingia humu.

Kama maji ya zahanati yanakuhitaji zaidi, niambie. Nitaelewa. Na hilo nalo ni jibu fupi.

Mpwa wako


6 Machi

Mwanangu,

Nimesoma.

Mwiko nimempa Taratibu.

Mjomba


30 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Ulisema nipumzishe mikono, hukusema kuwa kupumzika kunauma. Siku za mwanzo ngozi ilibanduka vipande vipande kama lipu ya fundi mlevi. Chini yake kulikuwa laini, kwekundu, hata maji ya uvuguvugu yalinifanya niruke. Bi Cherehani ananipaka mafuta yeye mwenyewe kwa sababu haniamini. Ananifunga vitambaa, ananiwekea mikono mapajani, anasema, "Kaa hivyo hivyo, bwana harusi."

Tangi sikulikimbia. Sikudanganyi tena: kila siku nilikwenda. Lakini nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono nimeificha makwapani, nikajenga kwa mdomo. Na mdomo ninao, hilo hata adui zangu wanakubali.

Kumbe kujenga kwa mdomo ni kugumu kuliko kubeba mawe. Namwuliza Taratibu, "Mchanganyiko ukoje?"

"Mzito."

"Mzito kama nini?"

"Kama mchanganyiko."

"Taratibu, ndugu yangu, usinitie wazimu. Kama uji wa mgonjwa au wa mtu mwenye afya?"

Akachovya, akasugua, akafikiri mpaka kivuli cha ndoo yangu kikahama. Halafu akasema, "Kama uji wa mtu aliyeanza kupata nafuu."

Ndiyo haswa! Ndivyo kuba linavyotaka! Mpwa wangu, mtu huyu nimefanya naye kazi tangu ndevu zake zikiwa za kuhesabika, na anajua mchanganyiko kwa vidole kama ninavyoujua mimi. Sikuwahi kumwuliza. Kila akichelewa nilimpokonya mwiko.

Jumatano iliyopita zikatolewa mbao zilizokuwa zinalishikilia kuba kwa chini. Muuguzi wa zahanati, wagonjwa wenye nguvu ya kusimama, mtaa wote, wakakaa mbali. Taratibu akaingia kugonga mbao moja baada ya nyingine, kwa ule mwendo wake, na watu wakawa wanapumua kwa mwendo wake. Alipotoa ya mwisho ukasikika mlio juu: krrr. Mikono yangu ikachomoka yenyewe makwapani. Hatua nilishapiga. Bi Cherehani akanidaka vidole vyote, akavibana kwa mikono yake miwili kama mtu aliyekamata kuku. "Mdomo," akaniambia. "Tumia mdomo."

Nikaita, "Taratibu! Mlio umetoka pembeni au katikati?"

Kutoka ndani ya lile giza, "Pembeni."

"Unasikia tena?"

Mtu yule hata kifo kikimwita atasema ngoja. "Hapana," akasema.

"Basi limekaa. Kuba likikaa linaguna, kama mzee kwenye kiti. Toka nje."

Akatoka. Akapanda juu yake, akakaa pale kileleni, akaanza kulia. Nami nilikuwa chini natazama. Lilikuwa zuri, mwanangu. La mviringo, tulivu, limejishikilia lenyewe hewani bila nguzo, na mimi sikuweka hata kidole. Nililizunguka lote. Lilinitia woga kidogo, kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe ikizungumza chumba cha pili.

Lakini si hilo nililotaka kukuambia.

Juzi asubuhi nilikuwa mlangoni nasubiri mafuta yaingie kwenye ngozi. Jua likaja la pembeni, likalala juu ya kiganja. Nikaona. Nikadhani ni uchafu, nikafuta. Haukutoka. Nikaenda kumwazima Bi Cherehani lenzi yake ya kutungia uzi, nikarudi juani.

Gumba la kulia: mistari inazunguka na kuzunguka, kama maji yaliyodondoshewa kijiwe, kisha yakaambiwa yasimame hapo hapo. Cha shahada: mistari inapanda, inakunja, inarudi ilikotoka, kama mtu aliyekumbuka kuwa hakufunga mlango. Cha kati kimepindia kushoto, cha pete kina jicho katikati linanitazama. Hakuna kinachofanana na mwenzake. Na ni myembamba, mpwa wangu, halafu imepishana sawasawa, hakuna unaomgonga jirani yake. Nimepiga mistari kwa kamba na kwa pima maji na kwa macho, na hakuna hata mmoja nilioupiga unaoweza kusimama karibu na huu.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Fundi gani huyu? Alifanyia wapi kazi, kwa taa gani, kwa mwiko wa ukubwa gani? Alinipa kazi kama hii kwenye ncha za vidole, nami nikaisiliba kwa saruji miaka yote, nikawa najisifia ukuta.

Bi Cherehani akaja kuona nimenyamazia nini. Nikamwonyesha. Akatazama vyangu, akatazama vyake, akatazama vyangu tena. Halafu akaniambia nishike gauni la hariri analomshonea bibi harusi wa Jumapili. Hajawahi kuniruhusu kupita hata karibu na hariri, vidole vyangu vilikuwa vinanasa uzi. Nikashika. Havikunasa. Ilipita chini ya vidole kama maji.

Mjomba wako,
aliyekuwa Simba


4 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, hapa hapa kitandani. Mtoto alikuwa ametulia tangu asubuhi. Nilipofika kwenye krrr akaanza kupiga mateke. Nimemwambia ndivyo alivyo Mjomba, usimwogope.

Jana walikuja kunichukua na gari la hospitali, nikapimwa kwa ile mashine ya picha. Daktari wangu hana maneno mengi. Nikamwuliza swali lako. Nikamwambia, mjomba wangu anataka kujua, fundi wa mistari ya vidole hufanyia wapi kazi? Akanitazama kama nimepandwa na homa. Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo langu, akasema, "Humu."

Anasema mistari hiyo huwa imeshachorwa kabla mimba haijatimiza miezi sita. Ikishachorwa haibadiliki tena, mtu akue, anenepe, azeeke. Na hajapatikana mtu mwenye mistari ya mwenzake, hata pacha na pacha wake. Halafu akageuza kioo cha mashine kunielekea. Mjomba, nikauona mkono. Umefunguliwa wote, kama mtu anayesema subirini kwanza. Nikauliza, na huu je, tayari? Akasema, tayari zamani.

Mimi nilikuwa nimelala tu natazama ufa wa dari. Nilidhani siku zinapita bure. Kumbe wakati mimi nahesabu hasara, humu ndani kulikuwa na mtu anapiga mistari.

Nilikukasirikia, sasa nimeacha. Nilikuwa nakasirika kwa sababu naogopa, nawe unajisifu kwa sababu hiyo hiyo, usikatae. Daktari anasema tukifika Mei tutakuwa tumevuka pabaya. Bado siruhusiwi kuinuka.

Vaa shati jeupe. Usibishane na askari. Na lile swali la tatu hujanijibu mpaka leo.

Mpwa wako


17 Aprili

Mwanangu,

Nimetoka huko sasa hivi. Naandikia kwenye ngazi za jengo la kioo, mgongo nimeuegemeza pale pale nilipokatazwa kugusa. Askari ananiangalia. Nimemwonyesha mikono yangu, akaniacha.

Bi Cherehani alinisindikiza. Njia nzima alinishikilia mikono isije ikagusa ukuta, kiti wala nguzo, watu wakadhani sioni. Mtu mmoja akanipisha kwenye foleni. Sikumsahihisha.

Alikuwa yule yule binti wa dirishani. Akanikumbuka. "Baba wa vidole," akasema, "umeleta?" Nikasema, "Nimeleta." Nikaweka mkono wa kulia. Nikasubiri ile twii. Ikatoka sauti nyingine, ndogo, kama mtu anayekubali jambo kwa kichwa. Nikaweka wa kushoto. Kidole cha mwisho, kile kidogo ambacho hakijawahi kufanya kazi yoyote ya maana maishani mwake, kikagoma: twii. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Akaniambia nikibonyeze kwa upole, nisikibonyeze kama natoboa tofali. Nikabonyeza kwa upole. Kikakubali.

Halafu akaanza mahojiano. Jina nikajibu. Nukta. Kazi nikajibu. Nukta. Anayekualika, mpwa, nukta. Binti akaniinulia uso, akaona mtu wa ajabu. Mdomoni nilikuwa nimeshaandaa jibu la lile la tatu. Lilikuwa zuri, sikufichi. Lilikuwa na mtoto aliyelia mpaka mabati ya mtaa yakalegea misumari, na jinsi nilivyomnyamazisha kwa kumwimbia vipimo vya zege.

Lakini alipokuwa anaandika, kioo cha mashine yake kikageuka kidogo upande wangu. Nikaviona. Vidole vyangu vyote, vimepangwa safu mbili, kila kimoja kikubwa kama sahani, vyeupe kwenye weusi. Ile mizunguko, ile mikunjo, lile jicho. Nilikuwa nimeviona kwa lenzi ya kutungia uzi, kimoja kimoja, juani. Sasa vilikuwa vinanitazama vyote kwa pamoja. Nikakumbuka ule mkono uliouona wewe. Nikafikiri kuwa huko uliko, gizani, kuna kazi kama hii imekwisha, mpya, haijaguswa na kitu chochote cha dunia, na mwenyewe bado hana hata jina.

Binti alikuwa ananiuliza kitu. Sikusikia. Akauliza tena. Bi Cherehani, nyuma kule kwenye viti, akakohoa.

"Baba, unakwenda kufanya nini?"

Nikafungua kinywa, lile jibu zuri halikuwepo. Nikasema, "Kumfungulia mlango."

Akasubiri. Nami nikasubiri, maana nilidhani kuna kingine kinafuata. Hakikufuata. Nilikuwa nimemaliza.

"Mlango gani?"

"Wa mpwa wangu. Amelala, haruhusiwi kuinuka. Hakuna mtu wa kumfungulia mlango mchana."

Akatazama karatasi zake muda mrefu. Ile ya daktari wako uliyonitumia ilikuwa humo. Akauliza, "Mama yake yuko wapi?"

"Amefariki. Mimi ndiye niliyebaki."

Akaandika. Akapiga muhuri. Ni mlio mdogo sana, mwanangu, ule wa muhuri, huwezi kuamini kuwa ndio huo. Akasema pasi nitaichukua Jumatatu, nami naruhusiwa kusafiri wiki hiyo hiyo. Kisha akaona ninavyotazama, akakigeuza kioo chote kunielekea, akaniacha nitazame. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Hakuna aliyenung'unika.

Mwiko nimeuacha kwa Taratibu. Aliniuliza nitarudi lini, nikamwambia afikirie kwanza kama ananihitaji. Bado anafikiria.

Nitafika Jumamosi ya wiki ijayo, mchana. Mwambie yule mwenzako wa kazini kuwa siku hiyo akitoka asifunge na ufunguo. Wewe ukisikia hodi, usiinuke. Usishushe hata mguu kitandani. Sema tu karibu.

Mjomba wako